Spika 'kuiva' saa mia moja: gharama anabeba nani?

MJOMBA wangu, mwalimu mstaafu, mwaka jana alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akaenda katikati ya jiji la Dar es Salaam kununua kitu alichokitamani tangu ujana wake: amplifaya na jozi ya spika ndefu za mbao za kusimama chini, za kusikilizia muziki sebuleni. Alilipa Sh. 1,850,000 taslimu. Muuzaji alipoona mteja habishani sana na bei, akamwongezea nyaya za spika kwa Sh. 240,000, akimweleza kuwa vyombo vya hadhi hiyo havifungwi kwa waya wa kawaida.

Siku ya pili spika ya kulia ilianza kukwaruza kila sauti nzito ilipopita. Mzee alirudi dukani kueleza. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na soda. Kisha akaambiwa: "Mzee wangu, mali bado mpya hiyo. Spika hazijaiva na nyaya nazo hazijafunguka. Zipige taratibu. Zikifika saa mia moja wewe mwenyewe utarudi hapa kunishukuru."

Mjomba ni mtu wa utaratibu. Husikiliza muziki saa mbili kila jioni baada ya taarifa ya habari, basi. Saa 100 kwa mwendo huo ni siku 50. Risiti aliyopewa ilimruhusu kubadilishiwa mali ndani ya siku saba, na chini yake palikuwa na maneno ambayo kila mkazi wa mji huu anayajua kwa moyo: mali ikishauzwa hairudishwi. Aliporudi katika wiki ya nane, mkwaruzo ukiwa palepale, alionyeshwa tarehe ya risiti yake mwenyewe.

Fundi wa mtaani aliyeifungua spika hiyo alihitaji dakika chache tu. Koili ilikuwa imekaa upande, inasugua kwenye nafasi ya sumaku. Ubovu huo ulitoka nao kiwandani au ulitokea njiani wakati wa kusafirisha. Hakuna saa mia wala saa elfu ambazo zingeuponya.

Msomaji wa ukurasa huu atauliza spika za mstaafu mmoja zinahusiana nini na habari za soko. Mimi si fundi redio. Nilisoma biashara, na kwa jicho la biashara naona kuwa maneno yale ya dukani yalikuwa na thamani ya fedha inayoweza kupigiwa hesabu. Kwa sentensi tatu, hasara ilihama kutoka upande mmoja wa kaunta kwenda upande wa pili, bila mtu kusaini chochote.

Dhana yenyewe haikuzaliwa Kariakoo. Imetoka kwa wapenzi wa muziki wa nyumbani wa Marekani, Ulaya na Japani, watu ambao wako tayari kulipia jozi ya nyaya bei ya gari dogo lililotumika. Kwao ni jambo la kawaida kuambiwa kuwa chombo kipya hakitoi sauti yake halisi mpaka kipigwe saa 50, 100, 200, na wengine hutaja hata 500. Mwanzoni sauti inasemwa kuwa kali, iliyobana, haina besi. Baadaye inalainika na "kufunguka". Imani hiyo haikuishia kwenye spika. Imesambaa hadi kwenye amplifaya, mashine za kuchezea diski, nyaya za spika, hata waya wa kuchomeka ukutani.

Palipo na imani hapakosi bidhaa. Katika miaka ya 1990 zilitolewa diski maalumu zenye ngurumo na miluzi ya kuivishia vyombo. Kampuni ya Nordost ya Marekani ina mashine iitwayo Vidar ambayo kazi yake ni kupitisha mawimbi ya umeme katika nyaya mpya, na wapo wauzaji wanaotoza fedha kwa huduma hiyo. AudioQuest, nayo ya Marekani, huuza baadhi ya nyaya zikiwa zimefungwa betri ya volti 72, isiyogusa muziki wenyewe, kwa maelezo kwamba betri huweka ngozi ya waya katika hali ya "kuiva" muda wote. Mnunuzi wa kwanza analipia waya, na akitaka analipia pia kuutayarisha waya huo.

Sasa, je, ni uongo mtupu? Hapana, na hapo ndipo ugumu ulipo. Uongo mtupu ungekufa mapema sokoni. Huu umeshikiliwa na kipande cha ukweli.

Spika ni mashine inayotembea. Ndani yake kuna karatasi au plastiki yenye umbo la pia, imeshikwa ukingoni kwa mpira au sponji, na nyuma kwa kitambaa kilichokunjwakunjwa na kutiwa gundi kikakauka. Vishikio hivi huwa vigumu vikitoka kiwandani. Vikitikiswa vinalegea kidogo, na spika inaanza kuitikia sauti nzito kwa wepesi zaidi. Jambo hili hupimika. Tangu A. Neville Thiele wa Australia atoe hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small kuziendeleza katika miaka ya 1970, wahandisi wana namba za kuelezea tabia ya spika, na moja ya namba hizo, ile ya mwendo wa asili wa spika ikiwa nje ya kasha, hushuka kwa asilimia kadhaa baada ya spika kutikiswa vizuri.

Ila sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hutokea katika dakika na saa chache za mwanzo. Tena spika ikishafungwa ndani ya kasha lililozibwa, hewa iliyomo kashani nayo hufanya kazi ya springi, na mara nyingi springi hiyo ya hewa ina nguvu kuliko vile vishikio vya mpira na kitambaa. Hivyo badiliko lililoonekana wazi kwenye kipimo cha fundi huwa dogo zaidi likifika sebuleni kwa mteja.

Vifaa vya umeme navyo vina habari yake. Kapasita za elektroliti zina tabaka jembamba la oksidi ambalo hujijenga upya zikipewa umeme, na iliyokaa bohari miaka mingi huvujisha umeme mwanzoni kuliko iliyokuwa kazini. Uvujaji hupungua kadiri umeme unavyoendelea kupita. Amplifaya za valvu lazima zipate moto kabla ya kufanya kazi sawasawa. Hayo hakuna fundi anayeyabisha.

Na sisi wenyewe tumelelewa kuamini mambo ya namna hii, kwa sababu nzuri. Mpiga ngoma huisogeza kwenye moto ili ngozi ikaze kabla ya kuipiga. Mpiga udi wa taarabu akifunga nyuzi mpya anajua zitalegea na kupoteza sauti mara kadhaa mpaka zinyooke. Kijana wa bodaboda akinunua pikipiki mpya haivuti kasi siku za mwanzo, na oili ya kwanza humwagwa mapema kwa sababu ina chembechembe za chuma. Mtu aliyeyaona haya kwa macho yake akiambiwa spika nayo inaiva, kwa nini asikubali? Mjomba si mjinga. Alilinganisha na vitu anavyovijua.

Waya, hata hivyo, haulingani na ngoma wala pikipiki. Hauna kiungo kinachotembea. Shaba imepimwa na wahandisi wa umeme kwa zaidi ya karne moja: mwaka 1913 nchi za viwanda zilikubaliana kipimo kimoja cha kimataifa cha uwezo wa shaba kupitisha umeme, na majedwali yanayotokana na kipimo hicho yanauliza usafi wa shaba, urefu wa waya, unene wake na joto lake. Hakuna safu inayouliza waya umetumika saa ngapi. Kama shaba ingekuwa "inafunguka" kwa matumizi, mashirika ya umeme ya dunia nzima yangekuwa ya kwanza kuiona nafuu hiyo katika vitabu vyao vya hesabu, maana nyaya zao hupitisha umeme miaka nenda rudi.

Nimejaribu hesabu ya sebule ya mjomba. Waya wa shaba wa kawaida wa milimita za mraba 2.5, umbali wa mita tano kutoka amplifaya hadi spika, yaani mita kumi kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban ohimu 0.07. Spika yake ni ya ohimu 8. Waya ni chini ya asilimia moja ya mzigo wote. Halafu ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Sebule ya Dar es Salaam ikitoka nyuzi 24 alfajiri hadi 32 mchana, waya wa mjomba unabadilika kwa asilimia tatu, na jioni unarudi ulipokuwa. Badiliko hilo la hali ya hewa hakuna anayedai kulisikia.

Basi kwa nini watu wengi waaminifu, wasiouza chochote, wanaapa kuwa sauti ya vyombo vyao imekuwa nzuri baada ya miezi miwili?

Kinachozoea ni sikio. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba binadamu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu amekutana nacho mara nyingi. Sauti ngeni ya spika mpya, inayotofautiana na ile ya redio ya zamani, siku ya kwanza inasumbua. Siku ya hamsini ndiyo sauti ya nyumbani. Ongeza na ukweli kwamba mtu akishatoa Sh. 2,090,000, moyo wake hautaki kusikia kuwa alikosea. Tena angalia jambo moja la ajabu: katika simulizi hizi sauti hubadilika kuelekea uzuri tu. Sijapata kusikia muuzaji akisema, "bwana, waya huu ulikuwa mtamu wiki ya kwanza, sasa umeharibika kwa kuiva." Vitu vinavyochakaa kweli, kama tairi na nguo, havina adabu hiyo ya kwenda upande mmoja tu.

Njia ya kuamua mabishano haya ipo, na si ghali. Mwaka 1982 mhandisi David Clark wa Marekani alieleza katika jarida la Chama cha Wahandisi wa Sauti kifaa cha kubadilisha vyombo viwili ambapo msikilizaji hajui kipi kinapiga, na aliye naye chumbani pia hajui. Anayesikia tofauti atapatia mara nyingi. Asiyesikia atabahatisha nusu kwa nusu. Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akiwaumbua waganga wa uongo, alitangaza kuwa zawadi yake ya dola milioni moja itakwenda kwa yeyote atakayetofautisha kwa masikio peke yake nyaya za spika za Pear Anjou, zilizouzwa dola 7,250, na nyaya za kawaida. Mwandishi mmoja mashuhuri wa habari za vyombo vya muziki alijitokeza. Kampuni ya nyaya haikushiriki, mabishano yakawa ya masharti, na jaribio halikufanyika. Dola milioni moja zilibaki benki.

Nimeeleza fizikia kwa kirefu kwa sababu bila hiyo hoja ya biashara haisimami. Lakini hata kama ningekosea katika fizikia yote, hata kama nyaya zinaiva kama ndizi, hoja yangu kuhusu fedha ingebaki.

Wanafunzi wa biashara hufundishwa kuwa bidhaa ziko za namna tofauti. Ipo unayoikagua kabla ya kununua, kama nyanya. Ipo unayoijua baada ya kuitumia, kama chakula cha hotelini. Na ipo ya tatu, ambayo Michael Darby na Edi Karni waliieleza mwaka 1973, ambayo hata baada ya kuitumia huwezi kuhukumu kama ulihitaji au ulipata ulicholipia, ukabaki kumwamini aliyekuuzia. Spika ni ya namna ya pili: unaipeleka nyumbani, unasikiliza, unahukumu. Maneno "bado haijaiva" yanaihamisha spika kutoka namna ya pili kwenda namna ya tatu. Mnunuzi anaambiwa masikio yake ya leo hayahesabiki. Na ya kesho? Nayo bado. Hukumu inaahirishwa mpaka siku ambayo haina faida tena.

George Akerlof alionyesha mwaka 1970 jinsi soko linavyooza pale muuzaji anapojua ubora wa mali na mnunuzi hajui. Kazi hiyo ilichangia kumpatia zawadi ya Nobel mwaka 2001. Mfano wake ulikuwa magari yaliyotumika. Dawa moja inayojulikana ya ugonjwa huo ni dhamana: muuzaji mwenye mali nzuri haogopi kuahidi kuirudisha, mwenye mali mbovu anaogopa. Sasa tazama "kuiva" kunafanya nini. Kunaacha dhamana imeandikwa vilevile kwenye karatasi, siku saba, lakini kunamshawishi mteja asiitumie.

Wengine watasema siku saba ni utamaduni wa kwetu tu wa biashara ndogo ndogo. La. Uingereza, mtu anayenunua kwa mbali bila kufika dukani ana siku 14 za kughairi baada ya kupokea mali, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2014, na sheria ya haki za mlaji ya 2015 inampa siku 30 za kukataa mali yenye kasoro na kurudishiwa fedha zote. Ni muda mzuri kuliko wetu. Lakini msikilizaji wa saa mbili kwa siku katika siku 14 amefikisha saa 28, na katika siku 30 amefikisha saa 60. Akiambiwa asubiri saa 200, ambazo kwake ni siku 100, sheria yote hiyo imepita juu ya kichwa chake.

Mahakama za huko zilikwisha kuonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuwa machungu. Katika kesi ya Bernstein dhidi ya Pamson Motors, iliyoripotiwa mwaka 1987, gari jipya lilikufa injini baada ya wiki tatu hivi na maili 140. Gundi ya kiwandani ilikuwa imeziba njia ya oili. Jaji alikubali kuwa gari lilikuwa na kasoro tangu kuuzwa, akampa mnunuzi fidia, lakini akasema muda wa kulikataa gari ulikuwa umekwisha kwa sababu wiki tatu zilitosha kulikagua. Sheria ya Uingereza ilirekebishwa baadaye. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, ina ukoo na ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na msingi wake ni uleule: anayekaa na mali kupita muda wa kiasi bila kusema anaikataa, amehesabiwa kuipokea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Lakini mzee mwenye kiinua mgongo atathibitishaje maneno yaliyosemwa juu ya soda?

Tupige hesabu ya gharama, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Tuseme mteja amekopa Sh. 1,850,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Siku 50 za kusubiri spika ziive zinamgharimu riba ya Sh. 45,600 hivi, kabla hatujataja haki ya kurudisha mali aliyoipoteza. Sasa tuseme muuzaji ndiye angeivisha. Amplifaya ya kawaida inayokula wati 40, ikiwashwa saa 100 mfululizo, inatumia yuniti nne za LUKU. Yuniti nne! Hata ile mitambo mikubwa ya valvu ya wati 200, ikipigwa saa 500, ni yuniti 100. Kazi ambayo muuzaji angeifanya kwa yuniti chache stoo kwake, ameiuza kwa mteja kwa makumi ya maelfu, na mteja amemshukuru kwa ushauri.

Nimezungumza na wafanyabiashara wawili wa vyombo vya muziki kuhusu hili, na haki yao isemwe. Mmoja aliniambia mteja wa hapa anataka boksi lenye selotepu ya kiwandani. Likifunguliwa, hata kwa saa moja, anaomba punguzo kama mali iliyotumika. Mwingine alilalamikia wateja wanaochukua sabufa Ijumaa kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi na kuirudisha Jumatatu wakidai haina besi. Haya ni matatizo ya kweli, na siku saba bila masharti zinaweza kumfilisi mwenye duka dogo.

Lakini duka lenye sampuli ukutani lina jibu tayari. Sampuli hiyo imepigwa kila siku kwa miezi, imeshaiva kuliko mali yoyote mjini. Kama nadharia ni kweli, iwekwe kando ya ile iliyotoka ndani ya boksi, vyote vya aina moja, sauti iwe sawa, mteja ageuzwe uso ukutani na aambiwe achague mara kumi. Akisikia tofauti, muuzaji ameshinda na mteja anajua anachosubiri. Asiposikia, basi asisubiri chochote. Na mkwaruzo ukisikika katika mpya bila kuwamo katika sampuli, huo ni ubovu, si ubichi.

Asiyetaka kufanya hivyo, aandike. Kama spika zinahitaji saa 100, siku saba za kubadilishiwa zianze kuhesabiwa baada ya siku ambazo saa hizo zinaweza kupatikana kwa matumizi ya kawaida, na maneno hayo yawe kwenye risiti kwa kalamu ya muuzaji. Nina shaka kuwa siku sharti hilo litakapowekwa, muda wa kuiva utapungua ghafla kutoka saa mia hadi saa tatu.

Na mnunuzi asikae mikono mitupu. Siku saba zina saa 168. Mjomba angewasha vyombo vyake mchana kutwa, kwa sauti ya wastani, bila hata kusikiliza, saa 100 zingetimia kwa siku nane akipiga saa 13, au kwa siku nne na ushee asingevizima kabisa. Wenye viwanda vya vifaa vya umeme wanalijua jambo hili: vifaa vibovu huelekea kufa mapema, ndiyo maana sehemu za mitambo muhimu huwashwa kwa makusudi kabla ya kutoka kiwandani ili zenye ugonjwa zife hukohuko. Kuwasha sana mwanzoni kuna faida kwa mlaji, mradi aifanye ndani ya tarehe ya risiti. Mitambo ya valvu isiachwe peke yake usiku. Ile ni moto.

Mjomba alimlipa fundi Sh. 60,000 kurekebisha koili. Zile nyaya za Sh. 240,000 aliziuza kwa kijana wa studio kwa Sh. 70,000, akanunua waya wa shaba wa kawaida kwenye duka la vifaa vya umeme, unaokatwa kwa mita. Nilipomtembelea mwezi uliopita na kumwamkia, kabla sijakaa alinivuta mbele ya spika akaniuliza kama nasikia jinsi besi ilivyolainika tangu Pasaka. Nilimwambia, ndiyo, Mjomba, naisikia.